Kufumbua maneno ya wimbo wa rock: mwongozo kamili kwa anayetaka kujua anachoimba

Mwanza tunaitwa Rock City kwa sababu ya mawe, magitaa hayahusiki. Hata hivyo kaa kwenye baa yoyote ya Kirumba inayopenda nyimbo za zamani, usiku hauishi bila "Hotel California". Watu wazima wanaiimba huku wamefumba macho. Sasa uliza inahusu nini, jibu litakuja haraka kuliko bili: "Kaka, huo ni wa Freemason, wewe hujui?" Uliza tena ni mstari gani unaosema hivyo. Hapo mtu anageukia simu yake.

Mimi ni mwimbaji wa bendi ya hoteli. Tunapiga kopi: rhumba, zilipendwa, kidogo reggae, na rock kwa wageni na kwa Wasukuma wenzangu wanaoupenda muziki huo kuliko wageni. Utaratibu ninaouandika hapa ndio ninaoutumia kila tunapoongeza wimbo mpya wa rock kwenye orodha, maana mwimbaji asiyejua anachosema huonekana usoni kabla ya kiitikio cha kwanza. Msingi wake ni huu: tafuta kwanza wimbo unasema nini waziwazi, ndipo uende kwenye kilichofichwa. Wengi tunaanza na kilichofichwa, na ndiyo maana shetani anaonekana kwenye kila albamu.

Wala mafumbo si mambo ya Wazungu peke yao. Usukumani, Bagalu na Bagika, makundi mawili hasimu ya ngoma, wamechuana kwa ngoma na nyimbo za kutambiana kwa vizazi. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, utaona watazamaji wanavyomsikiliza manju, kiongozi wa wimbo: wanajua anapiga kijembe, na kijembe kina mwenyewe. Aliyezoea kusikiliza hivyo, au aliyekulia kwenye taarabu, masikio anayo tayari. Kinachomkwamisha kwenye rock ni lugha, kasi na makelele ya gitaa.

Vifaa ni simu, hedifoni, kalamu, daftari, kamusi na bando kidogo. Basi.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujasoma

Tafuta mahali palipotulia. Ndani ya daladala ya Nyegezi, konda akigonga bodi, huwezi kusikia kitu cha maana. Sikiliza wimbo mzima bila kufungua maneno yake, kisha andika mambo mawili tu: hali ya mwimbaji (ana hasira, anabembeleza, anatania, amechoka), na mahali sauti inapobadilika, yaani pale anaponong'ona na pale anapopayuka. Usitafsiri chochote. Ukishayaona maandishi, jicho linalinyang'anya sikio kazi, na hutausikia tena wimbo kama mgeni. Ukurasa huo utunze, tutaurudia kwenye hatua ya saba.

Hatua ya 2: Pata maneno yaliyo sahihi

Maneno mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na mashabiki waliosikiliza kwa sikio, na sikio la shabiki hudanganywa. Jimi Hendrix, kwenye "Purple Haze" ya mwaka 1967, anaomba radhi aende kulibusu anga. Maelfu ya watu waliozaliwa na Kiingereza chao walisikia kwamba anataka kumbusu mwanaume aliyekuwa karibu. Ikiwa wao walisikia hivyo, wewe na mimi je? Linganisha nakala mbili au tatu. Kama kuna kijitabu cha albamu au ukurasa rasmi wa msanii, hicho ndicho cha kuaminiwa.

Halafu nakili kwa mkono. Najua inachosha. Acha nafasi ya mistari miwili chini ya kila mstari, zipe beti na mistari namba, na kiitikio kizungushie kisanduku. Ukinakili kwa mkono utagundua vitu ambavyo kidole kinachosogeza kioo hakivioni: neno lililorudiwa kwenye kila ubeti, jina la mtu lililotajwa mara moja tu, au kiitikio cha mwisho kilichobadilika neno moja. Lililobadilika lipigie mstari.

Hatua ya 3: Nani anamwambia nani?

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na kama huna subira ya hatua zote, fanya hii peke yake.

Mwimbaji si lazima awe ndiye msemaji. Manju wa Kisukuma anaweza kuimba kama nyoka, kama mjane, au kama mpinzani wake anayelialia, na hakuna anayemshika shati. Kwenye rock watu wanasahau hilo. Wanasikia "mimi" na kudhani ni yule jamaa mwenye nywele ndefu pichani.

Chukua karatasi uandike kama unaanza barua: Kutoka kwa nani. Kwenda kwa nani. Yuko wapi. Anataka nini. Jaza kwa kutumia yaliyomo ndani ya wimbo tu.

Tujaribu na "Every Breath You Take" ya The Police, wa mwaka 1983. Kamati za harusi hapa mjini zinaupenda sana. Unawekwa wakati maharusi wanaingia ukumbini, taa zimepunguzwa, matroni anashika gauni lisiburute. Haya, jaza barua. Kutoka kwa: mwanaume aliyeachwa. Kwenda kwa: mwanamke aliyeondoka. Anataka nini: anamwambia kwamba atamtazama kila hatua, kila pumzi, kila siku, kila neno. Mwanamke hajibu hata mara moja. Hakuna ahadi yoyote iliyotoka kwake. Anayesema anadai kwamba huyo mwenzake ni mali yake. Sting, mwimbaji wa bendi hiyo, aliyeutunga ndoa yake ikiwa imevunjika, amesema mara nyingi kwamba ni wimbo wa wivu na upelelezi, na kwamba anashangaa watu wanaoufungia nao ndoa. Lakini hukumhitaji Sting akwambie, barua yako imeshasema. Sisi tukiombwa tunaupiga, kazi ni kazi. MC akitangaza kwamba huo ni wimbo wa kiapo cha upendo, mimi natazama chini na kurekebisha waya wa maiki.

Wakati mwingine msemaji si mmoja. Ukikuta beti zinapingana, jiulize kama ni watu wawili wanaojibizana kabla hujasema mtunzi amejichanganya.

Hatua ya 4: Uandike upya kwa Kiswahili cha nyumbani

Zile nafasi ulizoacha sasa zijaze. Usitafsiri kwa vina, wala usitafute uzuri. Andika kama unamsimulia shangazi yako anayeuliza "Anasema nini huyo?" Mstari usiokubali kuwa Kiswahili cha kawaida uwekee alama ya kuuliza uendelee mbele.

Alama hizo za kuuliza ni za aina mbili. Kuna jazanda, yaani picha ya maneno, ya mtunzi mwenyewe, na kuna msemo wa kwao ambao kila mtu wa huko anaujua. Aina ya pili ndiyo inayotuangusha. R.E.M., bendi ya Athens, Georgia, walitoa "Losing My Religion" mwaka 1991, na nimewahi kumsikia kijana wa kwaya akikataa kuupiga kwa sababu unamkana Mungu. Kusini mwa Marekani kauli hiyo husemwa na mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu, anayekaribia kulipuka. Wimbo wenyewe unamhusu mtu anayempenda mwingine kimyakimya na kuogopa kwamba amesema kupita kiasi. Mungu hahusiki. Kwa hiyo kila mstari wenye alama ya kuuliza utafute kwanza kama msemo, uone kama watu wa eneo lile wanausema barabarani. Kama hausemwi, ndipo uuite fumbo.

Hatua ya 5: Tafuta mwaka na mahali

Chini ya jina la wimbo andika mwaka ulipotoka, nchi ya mtunzi, na kilichokuwa kikitokea huko mwaka huo au mmoja kabla. Kisha zungushia kila tarehe, jina la mji na jina la mtu lililomo ndani ya maneno. Mtunzi wa rock hataji mwaka bure.

Mfano mzuri kuliko yote ni "Zombie" ya The Cranberries, wa 1994. Kanda ya Ziwa ukitaja zombi, kichwa cha mtu kinakwenda moja kwa moja kwa misukule: mtu aliyechukuliwa kichawi, analima shamba la tajiri usiku. Nimesikia maelezo hayo yakitolewa kwa uhakika wote. Lakini zungushia tarehe iliyomo: 1916. Ni mwaka wa uasi wa Pasaka mjini Dublin, Waireland walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza. Kisha tafuta kilichotokea kabla ya wimbo kutungwa: tarehe 20 Machi 1993 mabomu ya IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, yalilipuka Warrington, Uingereza, na kuua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi hiyo na Mwireland, alitunga wimbo kwa sababu ya watoto hao. Sasa rudi kwenye barua ya hatua ya tatu: anamwambia mtu kwamba vita hiyo imo kichwani mwake tangu 1916, na kwamba waliofanya vile si yeye wala si familia yake. Zombi ni mpiganaji anayeendeleza ugomvi wa wafu bila kuufikiria. Ukishajua hivyo, ule mpayuko wa kwenye kiitikio unakuwa kilio cha msiba.

Hatua ya 6: Pima kama ni tukio au ni fumbo

Kuna nyimbo zisizoficha chochote, na hizo ndizo zinazowatesa wapenda mafumbo.

"Smoke on the Water" ya Deep Purple, moshi juu ya maji. Mtu wa Mwanza ana picha yake tayari: siku za mwezi mwandamo, ukitazama ziwani kutokea Capri Point, unaona nguzo nyeusi inapanda kutoka majini kama kuna meli inaungua. Ukikaribia ni wadudu, wale wadogo wasiouma, kwa mamilioni, wanaojaa kwenye taa na kwenye chai. Ni picha nzuri, inakusaidia kuona. Lakini si ushahidi, kwa sababu wimbo una ziwa lake. Wengine husema moshi huo ni bangi.

Fungua maneno ufuate hatua ya tano. Ubeti wa kwanza unataja Montreux, mji wa Uswisi ulio kando ya Ziwa Geneva. Unataja studio inayotembea kwenye gari. Unamtaja Frank Zappa na bendi yake, na mjinga mmoja mwenye fataki. Mambo yote hayo yalitokea. Tarehe 4 Desemba 1971 Deep Purple walikuwa Montreux kurekodi albamu kwa kutumia studio ya gari ya Rolling Stones. Zappa alikuwa jukwaani kwenye kasino. Mtu kwenye hadhira akarusha fataki ya ishara darini, jengo likashika moto, na moshi ukatanda juu ya ziwa. Yule Claude anayetajwa akikimbia kuwatoa watu ni Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la jazz la mji huo. Kurekodi kukahamia kwenye hoteli kubwa iliyokuwa tupu na yenye baridi, na hiyo nayo imo kwenye ubeti wa mwisho. Ni ripoti tupu. Ukihesabu majina halisi ukakuta yanazidi jazanda, usichimbe. Wimbo umeshamaliza kusema.

Sasa linganisha na "Hotel California", ambayo Eagles waliitoa kwenye albamu ya Desemba 1976. Hesabu majina halisi: hamna karibu lolote. Msafiri anaendesha usiku jangwani, anaona taa, mwanamke amesimama mlangoni na mshumaa, kuna sauti kwenye korido, watu wanacheza uani, dari ina vioo, shampeni ina barafu. Vitu vingi hivi, havina anwani. Hapa fumbo ni halali, na ndipo kazi inapoanza.

Utaratibu wangu kwa wimbo wa namna hii: tafuta mstari mmoja ambapo mhusika anaeleza hali yake mwenyewe, uufanye nguzo, kisha uegemeze mingine yote hapo. Kwenye "Hotel California" nguzo ni maneno ya yule mwanamke kwamba wote waliomo humo ni wafungwa, na kwamba kifungo hicho wamejifunga wenyewe. Uegemeze sasa. Wageni wanamchoma mnyama kwa visu kwenye karamu na hawawezi kumuua: mnyama ni tamaa yao, kila mmoja amekuja naye. Mlinzi anasema unaweza kulipa na kuaga muda wowote, ila kuondoka huwezi: mlango uko wazi, anayekushikilia ni wewe. Msafiri anaomba mvinyo, anaambiwa kinywaji hicho hakijaonekana pale tangu 1969. Mwaka huo ulikuwa na tamasha la Woodstock mwezi Agosti, vijana laki kadhaa wakiamini muziki utaibadilisha dunia, na tamasha la Altamont mwezi Desemba, ambako kijana aliuawa kwa kisu karibu na jukwaa la Rolling Stones. Neno linalotumika pale kwa Kiingereza, "spirit", ni pombe kali na ni roho pia, na mtunzi hakulichagua kwa bahati mbaya. Wimbo ni wa watu waliopata umaarufu, pesa na unga wa California, wakabaki na karamu peke yake.

Don Henley, mmoja wa watunzi watatu pamoja na Don Felder na Glenn Frey, ameeleza kwamba unahusu anasa iliyopitiliza na upande wa giza wa ndoto ya Kimarekani. Uvumi wa kanisa la shetani ulianza hukohuko Marekani. Sisi tumeongeza Freemason tu. Kasoro yake unaiona kwa kidole: unahitaji mtu wa nje anayewafunga wageni, na mstari wa nguzo unasema hakuna mtu wa nje.

Hatua ya 7: Urudishe kwenye muziki

Toa ule ukurasa wa hatua ya kwanza. Je, hali uliyoisikia inakubaliana na maneno uliyoyasoma? Ikikubaliana, endelea. Ikipingana, umepata dhahabu ya Geita, kwa sababu mara nyingi maana iko kwenye huo mpingano.

"Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen, wa 1984, una kiitikio cha uwanja wa mpira: ngumi juu, bendera. Beti zake ni za mtu aliyepelekwa Vietnam, akarudi akakosa kazi kiwandani, akampoteza ndugu kwenye mapigano ya Khe Sanh, hukohuko Vietnam, na miaka kumi baadaye hana pa kwenda. Mwaka uleule Rais Ronald Reagan, akiwa kwenye kampeni New Jersey, alimtaja Springsteen kama mtunzi wa ujumbe wa matumaini. Aliyesikia kiitikio peke yake alipata fahari. Aliyesikia beti peke yake alipata uchungu. Wimbo ni vyote viwili kwa pamoja, mtu anayepiga kelele jina la nchi inayomkataa.

Kwa wimbo wa aina hii tafuta toleo jingine. Springsteen alikuwa ameurekodi mwaka 1982 kwa gitaa tupu, polepole, sauti kavu. Toleo hilo lilitolewa rasmi 1998. Usikilize, kisha urudie ule mkubwa. Sitaongeza neno.

Hatua ya 8: Sasa ndipo umsikilize mtunzi

Wengi wanaanza hapa: wanatafuta mahojiano, wananakili alichosema msanii, wanafunga daftari. Mimi namweka karibu na mwisho makusudi. Mtunzi ni shahidi, na shahidi husahau, huficha, hutania waandishi wa habari.

Wengine hukataa kabisa. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ya Waparsi. Waliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. "Bohemian Rhapsody" ya 1975 ina "Bismillah" katikati, na kila Mtanzania akiisikia anaruka: huyo wetu! Tulia. Familia yake ilikuwa ya dini ya Kizoroasta, haikuwa ya Kiislamu. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba mtoto wa Mji Mkongwe hakulitoa neno hilo kamusini. Zaidi ya hapo rudi kwenye barua: kundi moja linasema kwa jina la Mungu hatukuachii, jingine linajibu mwachieni. Ni kesi, na mtuhumiwa yuko katikati. Hilo lipo kwenye maneno. Kosa lenyewe ni lipi, Mercury alikufa mwaka 1991 bila kulieleza.

Halafu wimbo ukishatoka, unapata wenyewe wengine. Pink Floyd walitoa "Another Brick in the Wall" mwaka 1979 wakiwalenga walimu wakali wa Uingereza. Mwaka uliofuata wanafunzi weusi wa Afrika Kusini waliokuwa wakigomea elimu ya kibaguzi wakauimba kama wimbo wao, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Maana hiyo Roger Waters, mtunzi wake, hakuiandika, lakini si ya uongo. Kwenye daftari iandikie sehemu yake: "walivyoutumia".

Hatua ya 9: Aya moja, kisha peleka kijiweni

Andika aya moja, si zaidi, na kwa kila dai weka namba ya mstari pembeni. Dai lisilo na namba likate, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Mpelekee mtu mbishi. Mimi nina mpiga besi wetu, asiyekubali kitu mpaka uweke kidole kwenye mstari. Akishindwa kukubomoa, wimbo uko tayari kwa mazoezi.

Kwa anayeanza ningepanga hivi: "Smoke on the Water" kwanza, kwa sababu kila kitu kinathibitishika, kisha "Zombie", kisha "Every Breath You Take" kwa zoezi la barua. "Bohemian Rhapsody" iache mpaka daftari liwe limechakaa. Sisi kwenye bendi unaofuata ni "Wind of Change" ya Scorpions, wa 1990. Ukitaka kuufanya pamoja nasi, anza na jina la mto lililomo kwenye ubeti wa kwanza, Moskva, uangalie Wajerumani hao walikuwa Moscow wakifanya nini Agosti 1989.